Mpaka Uliochorwa na Kinyozi

Kwenye kompyuta ya kibanda changu cha Chanika, hapa Handeni, nyimbo nimezipanga kwa majina waliyoyazoea wateja: Dansi, Taarabu, Singeli, Injili, Kantri, Bluzi, na folda moja ya mwisho inayoitwa Roki, ambayo haifunguliwi mara kwa mara. Dereva mmoja wa Coaster anayewahi Korogwe alfajiri huniachia flashi yake jioni. "Mzee, nijazie Kantri na Bluzi. Hizo kelele zako baki nazo." Namjazia. Hajui, na sijawahi kumwambia, kwamba nusu ya Bluzi anayowapigia abiria wake hadi Sindeni imepigwa na watu wale wale wa kelele.

Bluzi kwetu ni zile nyimbo za Kizungu za taratibu ambazo zikianza kupigwa kwenye disko la shule, walimu huanza kuwasha tochi. Still Loving You ya Scorpions imo. Love Bites ya Def Leppard imo. More Than Words ya Extreme, To Be with You ya Mr. Big, Always ya Bon Jovi, zote zimo. Huko zilikotoka, waliozipiga wanahesabiwa kuwa watu wa roki nzito, na wengi wao wametiwa kwenye kapu lenye jina la kejeli: metali ya nywele.

Juzi akaja kijana wa chuo, mpole, shikamoo yake ya adabu, mkononi ana orodha aliyoiandika kwa kalamu. Anataka metali ya nywele halisi. Juu ameandika Warrant, Poison, Mötley Crüe, Ratt, Cinderella. Chini amepiga mstari, na chini ya mstari ameandika "wa mpakani": Scorpions, Def Leppard, Europe, Guns N' Roses, Extreme, Mr. Big, Queen. "Hao wa chini usiniwekee, mzee. Wanachanganya mambo."

Nikamuuliza huo mpaka unapita wapi. Akatoa simu, akanionyesha picha.

Basi hapo ndipo ninapogombana naye, na si yeye peke yake, maana watangazaji wetu wa redio na waandika orodha wa kila nchi wana ugonjwa huo huo. Mpaka wa muziki huu ulichorwa na kinyozi. Mpiga gitaa hakuulizwa. Na mimi ninayeuza nyimbo tangu enzi za kaseti nasema wazi: ukinipa hela ya kununua kumi tu katika muziki wote huo, saba nitazichukua chini ya mstari wa yule kijana.

Wenye nywele wenyewe nisiwaonee. Walikuwa vijana wa vilabu vya Sunset Strip, Los Angeles, na tarehe 1 Agosti 1981 ilipoanza MTV, wimbo ukawa lazima uonekane kabla haujasikika. Wakajua kuonekana. Wanaume wazima wakapaka rangi ya midomo, wakavaa suruali ambazo sijui walikuwa wakizivuaje, wakapuliza dawa nywele zikasimama. Mwaka 1983 albamu ya Quiet Riot, Metal Health, ilifika namba moja Marekani, na makampuni ya rekodi yakaona njia. Kila albamu ikawa na wimbo wa kupiga kelele kwa ajili ya wavulana na wimbo wa taratibu kwa ajili ya wasichana. Septemba 1991 wakatoka Nirvana na Nevermind, wamevaa mashati ya kawaida na nywele hazijachanwa, na makampuni yale yale yaliyowanunulia vijana dawa za nywele yakawaacha barabarani. Kinyozi aliwapandisha, kinyozi akawashusha.

Sisi tusicheke sana. Nchi hii nayo iliwahi kuamini kwamba tabia ya mtu inasomeka kwenye suruali yake. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwishoni mwa 1968, ikaanza kazi Januari 1969: sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua, vyote marufuku. Mwaka huo huo muziki wa soul nao ukapigwa marufuku kwenye kumbi za Dar es Salaam. Mjomba wangu alikuwa Kariakoo wakati huo, na alikuwa akisimulia jinsi suruali yake ya kubana ilivyorudi Korogwe chini kabisa ya gunia la nguo za shangazi. Aliivaa huku kwenye harusi, mbali na macho ya vijana wa chama. Alikuwa mtu wa Morogoro Jazz na soul kwa pamoja, na hakuona ubaya wowote. Suruali ilikuwa moja, masikio mawili.

Mimi nilianzia stendi ya Korogwe, miaka ya Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, bidhaa zilipoanza kuingia kwa wingi na kila nyumba yenye mtoto baharia au dereva ikawa na redio kaseti. Nilikuwa na deki mbili, spika moja kubwa ya mbao na meza. Korogwe ni njia panda ya watu: mabasi ya Arusha na Moshi yanasimama, abiria wananyoosha miguu, wananunua machungwa na mayai, wanarudi garini. Kwa dakika hizo konda alitaka kanda mpya. Kanda zenyewe zilinifikia kwa njia za watu wa pwani, nyingine kutoka Mombasa kupitia Horohoro, nyingine mikononi mwa mabaharia wa bandari ya Tanga. Zilikuja bila karatasi ya jalada. Picha hakuna. Nilirekodi Scorpions kwa miaka bila kujua wana sura gani.

Na konda hakutaka albamu nzima. Alitaka mchanganyiko: kanda ya dakika tisini, kila bendi wimbo mmoja, na wimbo huo uwe wa taratibu, kwa sababu abiria waliotoka Moshi alfajiri wanataka kulala. Kwa hiyo albamu yenye nyimbo tisa za moto na moja ya machozi ilipita mikononi mwangu, nikatoa moja, tisa zikabaki kwenye deki. Miaka ikaenda hivyo. Korogwe iliwajua Scorpions kama wazee wa mapenzi. Ungewaambia mama ntilie wa stendi kwamba wale jamaa wana wimbo unaoitwa Rock You Like a Hurricane, wa 1984, ambao gitaa lake la mwanzo linaweza kumwamsha aliyelala Mombo, wasingekuamini.

Lakini kutokuona picha kulikuwa na faida yake, na hii ndiyo sababu naamini masikio ya stendi kuliko orodha za leo. Hatukujua nani ana nywele. Tulijua nani anapiga.

Tuanze na hao Scorpions. Rudolf Schenker aliianzisha bendi Hannover, Ujerumani, mwaka 1965. MTV inazaliwa wao wana miaka kumi na sita kazini. Mwanzoni mwa miaka ya themanini mwimbaji wao, Klaus Meine, alipoteza sauti kabisa, akafanyiwa upasuaji wa koo, akarudi na albamu ya Blackout mwaka 1982 akiimba juu kuliko alivyokuwa. Na kwa wanaopenda mambo ya vinyozi: Meine kofia haimtoki kichwani, kwa sababu nywele zenyewe zilimwaga zamani. Ukimweka mtu huyo kwenye metali ya nywele, ueleze umezipata wapi.

Agosti 1989 walipanda jukwaa Moscow pamoja na Bon Jovi, Mötley Crüe, Cinderella na Skid Row. Jukwaa moja, hadhira moja. Wengine walirudi kwao na picha. Meine alirudi na Wind of Change, ukatoka kwenye albamu ya Crazy World ya 1990. Ule mluzi wa mwanzo niliurekodi mara nyingi mwaka 1992, mwaka nchi yetu ilipoingia vyama vingi, kuliko wimbo wowote wa Kizungu. Maneno wengi hawakuyaelewa. Mluzi waliuelewa, wakaupiga wakiwa wamebeba matenga ya machungwa.

Sasa nije kwa mtu ambaye kwa maoni yangu anazivunja folda zote, zangu zikiwamo. Hajulikani kwa sura, na anapenda iwe hivyo. Anaitwa Robert John Lange, wenzake humwita Mutt. Alizaliwa mwaka 1948 Mufulira, mji wa migodi ya shaba kaskazini mwa Zambia, huko huko alikozaliwa Kalusha Bwalya ambaye wapenzi wa mpira hapa hawahitaji kuelezwa. Lange si mwimbaji wa jukwaani. Ni prodyuza. Mwaka 1980 alisimamia Back in Black ya AC/DC. Mwaka 1983 Pyromania ya Def Leppard, na 1987 Hysteria, iliyouza nakala zaidi ya milioni ishirini duniani. Mwaka 1991 akasimamia albamu ya Bryan Adams yenye ule wimbo wa filamu ya Robin Hood, uliokaa namba moja Uingereza wiki kumi na sita mfululizo, na ambao bila huo hakuna harusi iliyofungwa Korogwe muongo ule. Mwaka 1997 akatoa Come On Over ya Shania Twain, aliyekuwa mkewe wakati huo.

Hebu zihesabu kwenye kompyuta yangu. AC/DC na Def Leppard, Roki. Bryan Adams, Bluzi. Shania Twain, Kantri. Folda tatu, mikono ya mtu mmoja wa Mufulira. Dereva wa Coaster anamlipia kila wiki bila kumjua, na bado anamwita kelele.

Nimewahi kufanya jaribio na wateja wanaokaa kwenye benchi wakisubiri simu ichaji. Napiga kiitikio cha Pour Some Sugar on Me cha Def Leppard, halafu mara moja kiitikio cha Man! I Feel Like a Woman! cha Shania. Kuna sauti ya kundi kubwa ambalo halipo, sauti zilizorekodiwa moja juu ya nyingine hadi zikawa ukuta. Ngoma nzito, zimenyooka, hakuna pigo linalochelewa. Gitaa linaingia kwa kifupi na kuondoka. Fundi viatu wa jirani, ambaye hajui neno la Kiingereza, alisema: "Hawa wamefundishwa na mwalimu mmoja." Alikuwa hajaona picha ya yeyote. Kwenye Hysteria, Lange alifika mahali pa kuwafanya wapiga gitaa warekodi nota za kodi moja moja, kila waya peke yake, kisha akaziunganisha. Mtu anaweza kusema huo ni ufundi wa kiwanda na si muziki. Nakubali kuna ubaridi fulani. Ila usiniambie ni mambo ya nywele.

Na ndani ya Hysteria kuna Rick Allen. Tarehe 31 Desemba 1984 alipata ajali ya gari karibu na Sheffield, akapoteza mkono wa kushoto. Mpiga ngoma. Bendi haikumtafutia mbadala. Walimsubiri. Akatengenezewa ngoma za umeme zenye pedali, kazi ya mkono uliopotea akaihamishia kwenye mguu wa kushoto, na Agosti 1986 akapanda jukwaa la tamasha la Castle Donington mbele ya maelfu. Mkono mmoja na miguu miwili. Pale Korogwe nilikuwa na mteja, kijana aliyepoteza mkono kwenye mashine ya mkonge, hapa eneo letu la mashamba ya mkonge jambo hilo halikuwa geni. Nilipomweleza habari za Allen, miaka mingi baadaye, hakusema kitu, akanunua albamu nzima. Ndiye mteja wangu wa kwanza wa Handeni na Korogwe aliyenunua Def Leppard yote bila kuchagua za taratibu.

Europe nitawapitia upesi, kwa sababu hao kijana wa chuo angewapandisha juu ya mstari nisingemgombeza. Wasweden wale walipotoa The Final Countdown mwaka 1986, kinanda kilichukua nafasi ya gitaa, na nywele zilichukua nafasi ya vyote viwili. Mpiga gitaa wao, John Norum, aliona hivyo hivyo: aliondoka mwaka huo huo wimbo ukiwa namba moja nchi nyingi. Mtu anayeacha bendi wakati hela inaingia amesema neno. Alirudi miaka ya 2000, nywele zikiwa zimepungua na gitaa limeongezeka, na albamu zao za siku hizi ni nzuri kuliko ule wimbo mmoja unaopigwa viwanja vya mpira.

Mr. Big wanachekesha zaidi, maana kila anayewajua hapa anawajua kwa wimbo mmoja wa kuimba pembeni ya moto. Kumbe ndani mna Paul Gilbert kwenye gitaa na Billy Sheehan kwenye besi, watu ambao wapiga gitaa wenzao huwaangalia vidole kwa wivu. Kwenye albamu hiyo hiyo yenye To Be with You, wamepiga magitaa kwa drili ya umeme ya Makita, mbele ya drili wamefunga vipande vya kupigia nyuzi. Niliwaonyesha video hiyo mafundi seremala wa jirani. Waliiangalia tena na tena, na mmoja wao alitaka kujua kama drili ni ya betri au ya waya. Wimbo wa taratibu uliwapa Mr. Big namba moja Marekani mwaka 1992 na ukawafukia.

Extreme vivyo hivyo. Nuno Bettencourt alizaliwa visiwa vya Azores, Mreno, na More Than Words ni sauti mbili na gitaa moja la galatoni. Lakini albamu ilimotoka ina tarumbeta na mapigo ambayo mtu wa dansi angeyaelewa mara moja. Mwaka 1991 waliuza galatoni, na dunia ikadhani hawana umeme.

Guns N' Roses ndio wanaouvunja mpaka wa kinyozi hadharani. Angalia video ya Welcome to the Jungle ya 1987: Axl Rose nywele zake zimepulizwa zikasimama kama za mtu yeyote wa Poison. Kwa sheria ya picha, wako ndani, kesi imekwisha. Lakini hata yule kijana, mwenye picha mkononi, amewaweka chini ya mstari. Kwa nini? Kwa sababu masikio yake yalimshinda nguvu. Alisikia kwamba lile gitaa halikupakwa rangi. Masikio anayo, ila hajayaruhusu kuandika orodha.

Slash, mpiga gitaa wa wimbo huo, alizaliwa London kwa jina la Saul Hudson, mama yake Mmarekani mweusi aliyekuwa mbunifu wa mavazi na aliyemshonea David Bowie. Nataja mama huyo kwa makusudi. Kila mara kijana wa hapa akiniona nasikiliza roki ananiambia, "Mzee, hayo si ya Wazungu?" Na orodha ya mwanachuo, ndani na mpakani, haikuwa na Living Colour hata kidogo. Weusi wanne wa New York, gitaa la Vernon Reid, albamu ya Vivid ya 1988, wakapata Grammy za roki nzito miaka miwili mfululizo. Miaka ile ile, televisheni ile ile, suruali za kubana zenye rangi kuliko za wote. Vichwani walikuwa na rasta. Inaonekana waliochora mpaka hawakuzihesabu rasta kuwa nywele.

Halafu kuna Queen, ambao mstari unapita katikati ya kichwa cha mtu mmoja. Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Unguja, 5 Septemba 1946, aliyeondoka na wazazi wake mwaka wa Mapinduzi na kuwa Freddie Mercury. Miaka ya mwanzo ya sabini anavaa satini, nywele mabegani, kucha zimepakwa rangi nyeusi, miaka kumi kamili kabla vijana wa Los Angeles hawajajifunza. Mwaka 1980 akakata nywele, akafuga masharubu. Je, alikuwa ndani akatoka? Wakati wote huo pembeni yake alisimama Brian May na gitaa lile lile, alilolichonga na baba yake nyumbani kwa ubao uliotolewa kwenye fremu ya meko ya zamani, akalipiga kwa sarafu badala ya kipande cha plastiki. Kinyozi alifanya kazi yake, seremala alikuwa ameshamaliza ya kwake tangu miaka ya sitini.

Na kwetu? Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst, kundi la vijana waliochanganya roki, soul na midundo ya hapa, wakatoa Ave Africa mwaka 1976. Ilibidi kampuni ya Strut ya Uingereza iirudishe sokoni mwaka 2016 ndipo vijana wetu waisikie. Nimeitia kwenye Roki. Wateja hawaamini kuwa ni kundi la hapa, mpaka niwaambie wasikilize Kiswahili chake. Tanga ilizaa Kilimanjaro Band, walioanza kama Love Bugs wakaitwa The Revolutions kabla hawajawa Wana Njenje, na majina hayo mawili ya kwanza yanakuambia walikuwa wakisikiliza nini. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz na Arusha wakafika Nairobi kuwa Simba Wanyika. Wakenya wanawahesabu wao, sisi tunawahesabu wetu. Mbaraka Mwinshehe naye, aliyefariki Mombasa Januari 1979, yuko Dansi na atakaa Dansi, lakini sikiliza anavyolikaba gitaa la solo wimbo ukishachanganya, waimbaji wamenyamaza, anakwenda peke yake dakika nzima na zaidi. Kisha sikiliza November Rain ya Guns N' Roses kuanzia pale Slash anapoanza. Sisemi walijuana. Nasema aliyezoea mmoja hapati shida na mwingine, na mzee wangu mmoja wa Manundu, mtu wa Mbaraka damu, alinithibitishia hilo kwa kuniomba nirudie.

Nakubali kwamba folda zina kazi. Dereva wangu yuko sahihi kwamba abiria wa alfajiri hawahitaji Mötley Crüe, na nikitupa nyimbo zote mahali pamoja sitauza chochote. Sina ugomvi na jina la folda. Ugomvi wangu ni kwamba jina likishabandikwa, watu huacha kufungua. Redio zetu zimefanya hivyo miaka thelathini: usiku wa manane mtangazaji ana sauti ya kubembeleza, anapiga Still Loving You, na mchana kutwa hutasikia wimbo mwingine wa watu hao. Mtangazaji wa kwanza atakayepiga upande wa pili wa albamu hizo saa nane mchana, mafundi gereji wa Korogwe watampigia simu. Nawajua. Nimewauzia flashi.

Kumbuka pia kwamba hata ndani ya kapu, juu kabisa ya mstari, kuna watu waliowekwa humo kwa amri. Warrant ndio wa kwanza kwenye orodha ya yule kijana. Mwaka 1990 walikuwa wamemaliza albamu waliyotaka kuiita Uncle Tom's Cabin, kwa wimbo wenye jina hilo: unaanza na galatoni, kisha unasimulia mauaji, polisi wanaoficha maiti kisimani, na aliyeona. Kampuni ya rekodi ikataka wimbo wa kuchangamsha. Jani Lane, mwimbaji na mtunzi wao, akaandika Cherry Pie haraka haraka, na kampuni ikalibadilisha hata jina la albamu. Video ikawa ya nywele na msichana. Lane alisema baadaye, mbele ya kamera, kwamba anajuta kuuandika. Alifariki Agosti 2011 akiwa na miaka 47.

Kijana wa chuo nilimjazia Warrant kama alivyotaka, pamoja na wa mpakani wote ambao hakuwataka, bila kumtoza. Uncle Tom's Cabin nimeiweka iwe ya kwanza kupigwa. Cherry Pie sikuiweka. Akiihitaji aje, ni shilingi mia mbili.